Hukumu ya Kifundo cha Kushoto

"Haya ni ya wasichana, mama,"
alisema binti wa kaunta. "Ya wakubwa yako kule,"
akaninyooshea kidole rafu ya chupa nyeusi,
zile zenye harufu ya kanisa na kabati.
Nikampa kifundo cha kushoto.
Pss. Pss.

Saa nne asubuhi, Łódź, Januari,
theluji imeshakuwa tope,
na mimi, Bogumiła, miaka sitini na mitatu,
natoka dukani nimebeba pea bivu mkononi
lisilo na kikonyo wala jani.

Nusu saa ya kwanza, nitasema kweli, haikuwa na adabu.
Pea, kisha rasiberi,
kisha kitu chekundu ambacho jina lake
wanalijua wapika peremende peke yao.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
haya yalijitembeza.
Yalipanda tramu kabla yangu, yakanikalia kiti.
Mtoto wa kofia ya sufi akageuka,
akautazama mfuko wangu, akangoja.
Nikamfunulia viganja vitupu.
Hakuniamini.

Kwa dada yangu Halszka vitunguu vilikuwa motoni,
na bado yalivishinda.
"Unanuka kompoti," akasema, mwiko mkononi.
Kati ya kunuka na kunukia
pana irabu moja tu, nyembamba kama tone,
na dada yangu hajawahi kunitilia.
"Kompoti ya harusi au ya msiba?"
Akafikiri. Kitunguu kikaungua upande mmoja.
"Ya harusi," akasema. "Ila imemwagika."

Baada ya chakula ndipo maua yalipofika,
yamechelewa, kama wageni wenye gari:
yasmini, frisia, na waridi moja la kujisingizia.
Maua yasiyomjua mdudu.
Lakini nilijikuta mara tatu, nne,
nikijikuna pua isiyowasha
ili mkono upate sababu ya kupanda.

Miaka ishirini na tisa nilifuma kitani.
Msimamizi wa zamu, Bi Otylia, alipiga marufuku manukato:
uzi hunywa harufu, alisema,
na mnunuzi wa shuka hakuinunua shingo yako.
Basi nilinukia grisi na sabuni ya kijivu.
Ziemowit wangu hakulalamika, Mungu amrehemu,
yeye mwenyewe alikuwa fundi wa betri.
Tulilala hivyo, chuma na tindikali,
tukapendana vizuri tu.

Jioni utamu ulichoka, ukavua viatu.
Ikabaki vanila, miski kiasi cha ukucha,
na chini kabisa, nilipobandika pua kwenye mshipa,
shuka.
Shuka mpya, ya kwanza kutoka kwenye mashine,
kabla haijaguswa na mtu yeyote.
Nilisimama jikoni taa haijawashwa.
Birika likapiga mluzi, nikaliacha lipige.

Je, ni manukato mazuri? Siyo sana.
Asubuhi yana kelele, na chupa yake
ina kifuniko cha kipepeo, aibu tupu.
Ningeyapa alama tatu kwa tano,
na moja kati ya hizo ni ya saa mbili usiku.

Kesho yake nilirudi. Binti yule yule.
"Zawadi ya mjukuu?"
Sina mjukuu.
"Ndiyo," nikasema. "Mgumu kumridhisha."
Akafunga utepe wa waridi, mafundo mawili.

Nyumbani niliukata kwa mkasi wa kazini,
ule ambao sikuwahi kuurudisha,
nikakunja mkono wa sweta.
Safari hii wa kulia.